Lugha ya Sindano na Moshi

Katika vyumba vya walimu wa ufundi dai moja hurudiwa kwa utulivu mkubwa, kama kwamba lilikwisha kuthibitishwa zamani na mashahidi wake wakafa: ya kuwa Kiswahili ni lugha tamu ya mashairi, ya siasa na ya sokoni, lakini mbele ya mashine hupotewa na sauti. Watoao dai hili si maadui wa lugha. Wengi wao huizungumza nyumbani, huomba Mungu kwayo, na huzika wafu wao kwayo. Lakini waingiapo karakana huiacha mlangoni kama mwavuli uliolowa. Hawaoni haya kufanya hivyo, kwa kuwa wamesadiki kwamba wanachokiacha nje hakingewafaa kitu ndani.

Dai kama hili halijibiwi kwa hasira, wala kwa kuisifu lugha. Sifa zimekwisha kutolewa za kutosha, na hazikubadili ratiba ya somo hata moja. Hujibiwa kwa kitu kimoja kidogo kinachoshikika, na kitu hicho kiko tayari: injini ya gari dogo la kuongozwa kwa redio, lile ambalo wanafunzi wa uhandisi hulijenga wenyewe kwa bamba la aluminiamu, magurudumu ya kununua, na injini ya sentimita za ujazo 2.1 au 3.5. Mwenye kuudharau mchezo huu na asiwe na haraka. Injini hiyo yaweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, wala haina kompyuta ya kuisahihisha au ya kuyaficha makosa ya mwenyewe. Kila kosa hutoka nje kwa sauti, kwa moshi na kwa joto. Siku hizi magari mengi ya namna hii huendeshwa kwa umeme wa betri, na wako wasemao kuwa injini ya moto imepitwa na wakati. Huenda ni kweli kwa mtaka mashindano. Kwa mtaka kujifunza, mota ya umeme ni mwanafunzi mwenzake anyamazaye, na injini ni mwalimu anayesema.

Chakula cha injini hii si petroli. Ni methanoli iliyochanganywa na nitromethani, aghalabu kati ya sehemu 10 na 30 katika mia, pamoja na mafuta ya kulainisha, ambayo huwa ya mbarika, au ya kutengenezwa viwandani, au yote mawili. Wala haina cheche. Kichwani mwake mna plagi yenye waya mdogo uliosokotwa, wenye platinamu ndani yake. Aina hii ya plagi Mmarekani Ray Arden aliileta sokoni mwaka 1947. Waya huwashwa kwa betri ya volti 1.5 hata ukawa mwekundu. Injini ikishashika moto betri huondolewa, na tangu hapo waya hubaki ukiwaka kwa joto la milipuko yenyewe, na kwa kuwa platinamu huichochea methanoli iungane na hewa. Hakuna chombo cha kuiambia injini wakati wa kulipuka. Wakati huo hutokana na joto la waya, mbano wa silinda, na kiasi cha mafuta kilichomo hewani. Viwili vya kwanza hubadilishwa kwa kubadilisha vipuri. Cha tatu hubadilishwa kwa bisibisi, na ufundi wa kuirekebisha karibu wote umo katika hicho cha tatu.

Kabureta ina sindano mbili na skrubu moja. Sindano ya mwendo wa juu hutawala mafuta yapitayo mlango wa hewa ukiwa wazi. Sindano ya mwendo wa chini hutawala yapitayo mlango ukiwa karibu kufungwa. Na skrubu huuzuia mlango usifunge kabisa, ili injini isizimike gari lisimamapo. Sindano ikikazwa, mafuta hupungua. Ikilegezwa, huongezeka. Hata hapa hakuna neno lililokosekana.

Sasa na aangaliwe mwanafunzi. Kundi lake limekamilisha gari baada ya miezi ya kupiga msasa, kutoboa na kuchangishana fedha. Injini huwashwa. Huunguruma, hutoa moshi, huzimika. Kitabu hufunguliwa, na ndani yake, kwa Kiingereza, mna idadi ya mizunguko ambayo sindano yapasa kufunguliwa kutoka mahali ilipokazwa kabisa: mathalani mizunguko mitatu. Mwanafunzi huhesabu mitatu. Injini haikai sawa. Huhesabu tena, maana hudhani amekosea hesabu. Mwisho huuliza, naye aulizwaye, aliyefundishwa kwa njia ile ile, humjibu kwa maneno mawili ya Kiingereza, moja la kuzidi na moja la kupungua, na wote wawili huyatamka pasipo kuwa na hakika ni lipi laelekea upande gani wa bisibisi. Mwanafunzi hukaza. Gari hukimbia kwa uzuri wa ajabu dakika mbili au tatu. Sauti imepanda, moshi umetoweka, watazamaji wanapiga makofi. Kisha hutoa mlio mmoja mkavu na kusimama. Pistoni imechubuka, au mkono wake umekatika, na fedha za mchango zimekwisha.

Karatasi ya mtihani ya mwanafunzi huyo huyo ikisomwa, hukutwa ameeleza kwa ufasaha uwiano wa hewa na mafuta: kwamba petroli huhitaji hewa mara 14.7 ya uzito wake, na methanoli yapata mara 6.4 tu. Amepata alama zote. Alijualo kwenye karatasi halikushuka mkononi, na sababu si uvivu. Baina ya karatasi na mkono yako maneno ambayo mtu hujisemea peke yake anapofanya kazi, kimoyomoyo, hali ameinama. Mwanafunzi huyu hujisemea kwa Kiswahili, wala hakupewa na mwalimu wake neno hata moja la Kiswahili la kujisemea juu ya injini.

Hapo mwenye dai hupata nafasi ya kusema: basi na apewe maneno hayo, kama yapo. Yapo, lakini kwanza yapasa kuyaondoa njiani yale yasiyofaa, kwa sababu katika jambo hili Kiswahili kimeponzwa na marafiki zake kama kilivyoponzwa na wapinzani wake. Waingereza mchanganyiko wenye mafuta mengi huuita kwa neno lao la utajiri, na wenye mafuta machache huuita kwa neno la mwili uliokonda. Ni haki yao. Kwao maneno hayo yamechakaa kwa matumizi, hata hakuna anayefikiri fedha wala mbavu ayasikiapo. Mtafsiri aliyekaa mezani huyachukua yalivyo na kuandika "mchanganyiko tajiri" na "mchanganyiko mwembamba," kisha hufunga daftari akiwa ameridhika. Lakini ni nani asiyetaka utajiri? Kijana anayetaka mbio huambiwa mchanganyiko wake ni tajiri, akadhani amesifiwa, kumbe injini yake yazama. Siku ya pili huambiwa ni mwembamba, akaona kuwa ni jambo la kubana matumizi na la busara, kumbe injini yake yaungua. Neno limemdanganya mara mbili kwa siku mbili, na kila mara lilikuwa neno la Kiswahili safi, lisilo na kosa la sarufi hata moja.

Fundi wa gereji ya kando ya barabara hana daftari. Akisikia pikipiki inakoroma na kutoa moshi mzito husema: "Mafuta yamezidi." Akiisikia ikikata pumzi husema: "Mafuta hayafiki." Wasomi wa lugha na wazitazame kauli hizi mbili kwa makini wanayoyapa mashairi, maana zinastahili. Kauli ya kwanza ina kiima, nacho ndicho kitu chenye hatia. Ina kitenzi, nacho ni kipimo. Na katika kitenzi mna kiambishi -me-, kionyeshacho hali iliyopo sasa kuwa ni matokeo ya tendo lililopita: yaani, yuko aliyeilegeza sindano. Kauli ya pili haisemi tu kwamba mafuta ni machache. Yasema yametoka mahali na hayakuwasili, na kwa hiyo humtuma asikiaye kuitazama njia yote, kutoka tangi hadi mrija, kutoka mrija hadi kichujio, kutoka kichujio hadi sindano. Katika gari dogo la wanafunzi tangi husukumwa kwa nguvu ya moshi uletwao na mrija kutoka bomba la moshi; mrija huo ukiwa na tundu dogo, mafuta hayafiki, na mkazo wowote wa sindano ni bure. Neno la Kiingereza la mwili uliokonda halimtumi mtu kuutafuta mrija. Kauli ya fundi humtuma.

Wapinzani wana silaha nyingine, nao huiona kali. Husema Kiswahili ni maskini hata neno moja "mafuta" hubeba ya kupikia, ya kujipaka, ya kuwaka na ya kulainisha, na mhandisi hawezi kufanya kazi na neno lenye vichwa vinne. Katika motokaa kubwa lawama hii ina uzito kidogo, ijapokuwa mafundi walikwisha kuijibu zamani kwa kusema petroli, dizeli na oili, bila ya kumngoja msomi. Lakini katika injini hii ndogo neno lile lilaumiwalo ndilo sahihi kuliko yote. Hapa mafuta ya kuwaka na mafuta ya kulainisha yamo katika chupa moja, hupita mrija mmoja, na huingia kwa sindano moja. Injini haina bakuli la oili chini yake. Kilainishacho pistoni na mkono wake ni kile kile kiingiacho pamoja na moto. Kwa hiyo akazaye sindano hapunguzi moto peke yake. Huwanyima vyuma ulaini kwa mkono huo huo. Methanoli iliyozidi, nayo, ipatapo kuvukizwa huchukua joto na kuipoza injini, basi ikipungua huondoka na ubaridi wake. Joto hupanda wakati ule ule ulaini unapopungua. Huu ndio msiba wa dakika tatu uliokwisha kusimuliwa. Mwanafunzi aliyejifunza kwa Kiingereza alikuwa na maneno mawili, moja la kichomwacho na moja la kilainishacho, na kwa ajili ya maneno hayo mawili alidhani ana vitu viwili. Angaliambiwa tu "mafuta yamepungua," na akafikiri maana yake katika lugha ya mama yake, angalijua kwamba yamepungua yote.

Haifuati kwamba neno lenye maana nyingi ni bora siku zote. Yafuata kwamba ubora wa neno hupimwa kwenye kazi, na kwamba mtu asiyeifanya kazi hana mizani.

Uko utajiri mwingine ambao vyuo havijaugusa: vitenzi vya sauti. Kurekebisha injini hii ni kazi ya sikio kabla ya kuwa kazi ya mkono. Inapokuwa na mafuta mengi katika mwendo wa juu haifikii mlio wake. Hukoroma, hutatarika, moshi wake ni mzito wenye rangi ya samawati, na gari huenda kama limebeba mzigo. Yanapokuwa machache huanza kwa mlio mwembamba wa kupendeza, kisha huzomea, kisha hulegea ingawa mlango wa hewa ungali wazi, na nyuma yake hakuna moshi. Penye mwendo wa chini mambo huwa ya siri zaidi. Gari laondoshwa, injini yasita. Kusita kuko kwa aina mbili. Kwanza huguna, hutema moshi, kisha hupanda polepole: mafuta yamejaa chini wakati gari limesimama. Pili hukata pumzi ghafla, pasipo moshi, na pengine huzimika: mafuta hayakutosha kuipokea hewa iliyofunguliwa. Dalili mbili, tiba mbili zilizo kinyume, na kwa sikio lisilofunzwa zote ni kusita tu. Kuguna na kukata pumzi ni vitenzi vya kila siku. Mtoto wa shule ya msingi huvijua. Mtu akivitumia hapa hakosi.

Shaka ikibaki, mrija wa mafuta hubanwa kwa vidole karibu na kabureta injini ikiunguruma mahali pamoja. Ikizimika mara hiyo hiyo, mafuta ya chini ni machache. Ikipandisha mwendo kwa muda mrefu kabla ya kuzimika, yamezidi. Ikipanda kidogo tu, ikazimika baada ya sekunde mbili au tatu, ni karibu na sawa. Na tone la maji likidondoshwa juu ya kichwa cha injini likakaa na kutokota kwa uvivu, injini ni baridi. Likitoweka pale pale, joto limepita kiasi. Likichemka na kukauka kwa sekunde tatu hadi tano, yafaa. Kipimajoto cha kulenga kwa mbali, nacho kizuri, aghalabu kitasema kati ya nyuzi 100 na 120 za Selsiasi. Lakini kipimajoto hakisemi sababu. Injini yaweza kuwa na nyuzi 110 na bado ikawa na kosa juu na kosa la kinyume chini, yakakutana katikati na kudanganya chombo. Sikio halidanganyiki kwa namna hiyo, ikiwa limepewa maneno ya kutofautisha.

Mpiga udi hakuhitaji kuambiwa haya. Yeye hukaza na kulegeza siku zote, kidogo kidogo, akitega sikio baina ya mkazo na mkazo, wala hakuna kitabu kimwambiacho uzi wa tatu uzungushwe mara ngapi. Akipewa hesabu ya mizunguko atacheka. Sindano ya kabureta nayo hurekebishwa hivyo: sehemu ya nane ya mzunguko, au hata ya kumi na mbili, kisha kusikiliza, ya juu kwanza, ya chini baadaye, injini ikiwa imekwisha kupata moto. Ajabu ni kwamba kijana aliyekulia Unguja au Lamu, jirani ya nyumba yenye udi, afikapo chuoni hufundishwa kuhesabu mizunguko.

Nayo hesabu hiyo ni ya nani? Wako wasemao Kiingereza ndicho lugha ya injini hizi, basi azitakaye na akipigie magoti. Kiwanda cha O.S., ambacho ni kimoja cha viwanda mashuhuri vya injini ndogo, kilianzishwa Osaka na Shigeo Ogawa mwaka 1936. Walioziunda injini zake waliziwaza kwa Kijapani. Kiingereza cha kitabu chake ni tafsiri, kama ambavyo Kiswahili kingekuwa tafsiri, na mwanafunzi wa Afrika Mashariki hupokea katika mkono wa pili kitu anachodhani ni cha kwanza. Wajapani hawakungoja kuruhusiwa na lugha nyingine ili waisikilize injini.

Tena kitabu cha Osaka hakijui hewa ya Nairobi. Osaka uko ufukweni. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na huko hewa ni nyepesi kwa yapata sehemu moja katika sita kuliko ya pwani. Gari lililorekebishwa vizuri Dar es Salaam likipandishwa hadi Nairobi huanza kukoroma: sindano haikuguswa, mafuta ni yale yale, hewa ndiyo iliyopungua, kwa hiyo mafuta yamezidi. Likirudishwa pwani na mkazo wa bara, mafuta hayatoshi, na hapo ndipo injini hufa. Hata katika mji mmoja, asubuhi yenye ubaridi na adhuhuri ya jua kali hazina hewa moja. Mwenye kukariri mizunguko mitatu amekariri hewa ya mji wa watu wengine. Mwenye kujua maana ya "mafuta yamezidi" huweza kupanda na kushuka mlima wowote.

Kuna jambo moja ambalo hapa lugha si suala la alama wala la fedha. Methanoli ni sumu. Ikinywewa, hata kidogo, hupofusha na kuua. Hupenya pia katika ngozi. Na mwali wake mchana hauonekani, hata mtu aweza kuutia mkono motoni asijue. Nchini Kenya, mwezi Mei 2014, makumi ya watu walikufa kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Onyo la haya yote limeandikwa kwenye chupa ya mafuta ya gari dogo, kwa herufi ndogo, kwa lugha za mbali. Karakanani chupa hiyo huitwa "spiriti," jina lile lile la kinachosafishia kidonda. Mwalimu asemaye kuwa istilahi za Kiswahili zaweza kungoja na aseme pia zitangoja hata nani apofuke. Neno "methanoli" halina ugumu wowote kinywani, na mbele yake panafaa neno moja la kale lisilohitaji kamati: sumu.

Lawama isiwaangukie wahandisi pekee. Wasomi wa Kiswahili wanayo sehemu yao, na pengine ndiyo kubwa. Mikono yao ni safi mno. Huandaa orodha za istilahi, huzijadili kwa herufi na viambishi, huzichapa, na orodha hulala. Ziko kazi za heshima kati ya hizo. Kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa mwaka 1990 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilifungua njia ambayo watu wazima walikuwa wakisema haiwezi kufunguliwa. Lakini njia ilifunguliwa upande wa kitabu, na upande wa gereji haukwenda mtu. Msomi huenda kijijini kukusanya ngano za bibi kizee, akarekodi kila pumziko la sauti yake; na hapo kituoni aliposhukia basi, fundi mwenye miaka 30 ya kusikiliza injini alikuwa akisema sentensi ambazo hakuna aliyeziandika, naye msomi alizipita kwa kuogopa kuchafua shati. Fundi huyo akifa, misamiati yake haitakumbukwa na kamusi yoyote. Na neno "kutyuni," alitumialo kila siku, wasomi hulikunjia uso kwa sababu ya asili yake, ilhali hawana hofu na meza, shule wala karakana.

Watawala nao wana hadithi yao, fupi na ya kusikitisha. Tangu mwaka 1967 Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza kiendelee hadi sekondari, kuanzia kidato cha kwanza cha mwaka 1985, na baadaye chuo kikuu. Mwaka 1985 ulifika, ukapita. Sababu iliyosikika zaidi ni kwamba vitabu na istilahi havikuwa tayari, na sababu hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini lugha isiyotumiwa darasani itaandaliwa na nani, na kwa ajili ya nani? Hiyo ni sawa na kuikataza injini mpya isiwashwe hata itakapolainika. Ajuaye injini hizi anajua kwamba zikiwa mpya pistoni hubana juu ya silinda, kwa kuwa silinda yake ya shaba ya manjano iliyopakwa kromu imefanywa nyembamba juu kwa makusudi, ili ikipata moto ipanuke na kuwa sawa. Ikizungushwa ikiwa baridi huguguna, na asiyejua hudhani ni mbovu. Tiba yake si kuiweka kabatini. Ni kuiwasha, mafuta yakiwa mengi, kuiacha ipate moto, kuizima ipoe, kuiwasha tena.

Watasema, na ni haki waseme, kwamba mhandisi wa leo lazima asome Kiingereza, maana vitabu vingi vimo humo. Hakuna anayekataa. Na akisome, na Kijapani pia akiweza. Kusoma kwa lugha moja na kufikiri kwa nyingine si aibu. Ndivyo afanyavyo kila mfasiri. Kinachopingwa ni kitu kingine: kwamba mwanafunzi aliyesema kwa usahihi kamili, "Mafuta ya chini yamezidi, yaguna iondokapo," hapati alama, na mwenzake aliyeandika fasili ya Kiingereza asiyoweza kuitumia hupata zote. Hapo chuo hakipimi uhandisi. Kinapima kitu kingine, na hakina ujasiri wa kukitaja katika cheti.

Njia ya kuanzia haina gharama na haihitaji sheria mpya. Mtihani mmoja wa vitendo ufanywe nje, mbele ya injini, na mtahini wa uhandisi akae pamoja na mwalimu wa Kiswahili, na wa tatu awe fundi wa gereji aliyelipwa posho sawa na yao. Mtahini aharibu sindano moja kwa siri, au atoboe mrija wa tangi. Injini iwashwe. Mwanafunzi asikilize, atazame moshi, adondoshe maji, abane mrija, kisha aseme kwa Kiswahili anachosikia, kilichosababisha, na upande atakaouelekeza bisibisi na kwa kiasi gani. Asiguse kitu kabla ya kusema. Maneno yake yaandikwe yote, na yale ya fundi pia pale watakapobishana, maana watabishana, na katika ubishi huo yatatoka mengi ambayo hakuna kikao kilichowahi kuyafikia. Baada ya hapo ndipo aruhusiwe kukaza au kulegeza, na injini yenyewe itoe alama.

Mafuta yaliyobaki tangini yamwagwe katika chombo chenye kifuniko na jina lake, kwa kuwa methanoli hunyonya unyevu na kuyala makombe ya chuma yakiachwa ndani. Pistoni nayo ishushwe chini kabla injini haijapoa, ili silinda inapojikunja isiikamate juu, na watahiniwa wa kesho wakakuta haizunguki.